Dada yangu aliachika kwa sababu "hapatikani akiwa nyumbani", kumbe ni Wi-Fi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma ya watu, nacheka, nasikitika, napita. Leo naandika ya kwetu. Majina nimeyabadilisha, mengine yote yako kama yalivyotokea. Kwa sehemu kubwa nlikuwepo mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nimeyapata mdomoni mwa dada yangu, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi.

Si mwandishi, nauza vipuri vya pikipiki hapa Unguja, kwa hiyo nikipinda mahali nivumilieni.

Kilichonisukuma ni post ya juzi. Kuna member aliuliza kwa nini Wi-Fi ya nyumbani kwake iko slow kuliko data ya simu. Watu wakamkejeli, mmoja akamwambia ahamie chini ya mnara. Wengi mlicheka.

Mimi nliizima simu, nikaegemea kaunta pale dukani mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Haya.

Kwetu ni Jambiani. Baba alifariki sisi bado wadogo, Mama akatulea kwa mwani, na mpaka leo bado anaingia baharini kulima. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu, nitamwita Zuhura. Mimi ndiye mkubwa.

Zuhura aliolewa mjini, na kijana nitakayemwita Nassor. Familia ya Nassor wana nyumba ya zamani Mji Mkongwe, upande wa Kiponda. Zile nyumba mnazijua: ghorofa, vichochoro, kuta za mawe na chokaa. Ukuta wake ni mnene kiasi kwamba mtu mzima anakaa dirishani akakunja miguu na bado ana nafasi ya kuweka kikombe cha chai.

Chini, mdogo wake Nassor anaitwa Hafidh amepageuza kuwa vyumba vya wageni. Watalii wanakuja, wanalala siku mbili tatu, wanakwenda zao pwani. Juu ndiko walikokuwa wakikaa Zuhura na mumewe.

Niliseme hili mapema kabla hamjaanza kutukana huko kwenye comments: Nassor hakuwa mtu mbaya. Nlimuona mwenyewe alivyokuwa akiishi na dada yangu. Akirudi kazini anauliza kwanza "Zuhura yuko wapi?" ndio avue viatu. Walipopata mtoto, Ilham, alimbeba begani mtaani mpaka wenzake wakamtania.

Ilham alipoanza kutembea, Nassor akapata kazi ya ghala Muscat. Hapa palikuwa pamekaza, akaona bora aende.

Kabla ya kuondoka akaweka Wi-Fi nyumbani. Aliiweka kwa mapenzi, naomba mlielewe hilo. Simu ya kawaida kutoka kule ni ghali, na yeye alitaka kila jioni akitoka kazini amuone mkewe na mwanawe kwenye video. Fundi akaja, akaweka router sebuleni, upande wa kichochoroni ambako waya uliingilia. Chumba cha kulala na jiko viko nyuma kabisa. Fundi alipoambiwa asogeze router ndani akaugonga ule ukuta kwa kidole, akasema hatoboi.

Nassor akamwambia mkewe, "Sasa hata bando huna haja nalo, mtandao umo ndani."

Ikawa hivyo. Nyumbani Wi-Fi, akitoka nje ana kabando kadogo ka kuulizana bei na kunijulia hali mimi.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ulikuwa msimu wa mvua, wageni hakuna. Nassor anapiga, Ilham anambusu baba yake kwenye kioo cha simu, tunacheka.

Halafu msimu wa wageni ukarudi, na simu zikaanza kukatika.

Nassor anatoka kazini karibu na magharibi, anapiga. Upande wake inaonesha inatafuta, inatafuta, inatafuta. Upande wa Zuhura simu iko kitandani, kimya. Baadae sana ndio inakuja alama kwamba ulipigiwa. Anapiga yeye, haiendi. Ikienda, sura inaganda mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande kama mtu anazama.

Asubuhi hakuna tatizo. Mchana hakuna tatizo kubwa. Jioni ndio balaa.

Sasa sikilizeni kilichoiua nyumba ile.

Zuhura akitoka nje, akienda Darajani kununua mboga au akimpeleka mtoto kwa daktari, Nassor akimpigia anampata vizuri kabisa. Sauti safi, picha safi, unasikia mpaka kengele ya baiskeli inayopita nyuma yake.

Akiwa nyumbani hapatikani. Akiwa njiani anapatikana.

Hebu jiwekeni nyinyi huko Muscat, chumba mnalala wanaume sita, kazi ngumu, na kichwani una picha ya mke wako ambaye kila ukimtafuta nyumbani hayupo, na kila ukimpata yuko barabarani. Na wewe ndiye uliyemuwekea Wi-Fi. Unajua ipo. Unailipia.

Mimi nakiri kwamba ningekuwa mimi ningefikiri vilevile.

Siku moja nlikwenda kuwatembelea jioni, nimemchukulia Ilham mkate wa mofa. Tulikuwa jikoni nyuma. Zuhura anapepeta mchele, mimi nimekaa kwenye kibao. Simu ikaita, ikaingia kwa bahati, video. Zuhura akafurahi, akaipokea, akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Mimi kutoka pembeni nikapaza sauti, "Mwambie kaka yupo, anamsalimia!"

Zuhura akageuka kuniangalia huku anacheka.

Hapo hapo ikaganda, ikakatika.

Akapiga, haiendi. Akapiga tena, haiendi. Mimi nikaona ni mtandao tu, nikaaga nikaenda zangu.

Nassor alichokiona upande wake ni mkewe amegeuza uso pembeni, anacheka, na sauti ya mwanamme ikisema "mwambie". Basi. Picha ikabaki imeganda hivyo hivyo kwenye kioo chake. Baadae aliniambia aliiangalia mpaka simu ikajizima.

Kesho yake Zuhura akamueleza kwamba alikuwa kaka. Na mimi nikamtumia voice: "Shemegi, jana nlikuwepo mimi, simu ikatukatikia, usijali."

Akanijibu kwa alama ya kidole gumba.

Kuanzia hapo maneno yakabadilika. Zuhura alinihadithia mazungumzo mamoja, na nayaweka kama alivyonipa. Alikuwa anatoka sokoni, Nassor akampata.

"Wewe kila nikikupata vizuri uko njiani."

"Nnatoka sokoni, Nassor. Ulitaka tule nini?"

"Na jana jioni?"

"Jana nlikuwemo ndani. Simu ninayo mkononi, nakusubiri."

"Ndani ya nyumba ipi?"

Aliniambia alisimama pale pale katikati ya kichochoro, watu wanampita. Maana unajibu nini? Ukisema nyumba yako, unajibu swali ambalo mumeo hakupaswa kukuuliza.

Akaanza kufanya hivi: kila jioni baada ya kusali magharibi anachukua mkeka, anakaa sebuleni chini ya router, mtoto mapajani. Hapiki, hafanyi kitu. Anasubiri. Mistari ya Wi-Fi kwenye simu imejaa yote. Na bado simu haziingii. Zikiingia zinavunjika.

Hilo ndilo lililommaliza zaidi, kwa sababu hata yeye hakuwa na maelezo. Akimwambia mumewe "mtandao mbovu", mumewe anauliza, "Wi-Fi inaonesha ngapi?" Naye mkweli, anasema imejaa.

Nassor akampigia Hafidh kule chini. Akamwambia apande juu aangalie. Hafidh akapanda asubuhi, akajaribu simu yake, akamjibu kaka yake mbele ya Zuhura: "Iko sawa, kaka. Hata hapa naongea na wewe kwayo."

Ni kweli. Asubuhi ilikuwa sawa.

Basi ikawa hakuna tena cha kutetea.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Zuhura alikuwa ndani tangu asubuhi, kule nyuma ambako Wi-Fi hufika kwa shida, amefua, amemuogesha mtoto, akamuacha kwa jirani akatoka kwenda kununua mboga. Kuvuka tu mlango wa chini, kuingia kichochoroni, simu ikaanza kutetemeka. Meseji zinaingia kwa mkupuo. Miongoni mwake voice ya Nassor aliyokuwa ameituma tangu asubuhi.

Aliniambia alifurahi. Alidhani amepoa.

Hakuisikiliza njiani, akaiweka mpaka afike sokoni. Amesimama mbele ya muuza mboga, mkono mmoja bilingani, mkono wa pili simu sikioni. Voice ilikuwa fupi.

"Zuhura, nimekuacha. Talaka moja. Mtoto nitamtunza. Nenda kwenu, na sitaki maneno."

Akalipa. Akageuka, akaanza kuondoka. Muuza mboga anamwita, "Dada, vitu vyako! Dada!" Hakusikia.

Alikuja dukani kwangu kwa miguu. Nlikuwa na wateja wawili. Akanipa simu, akakaa juu ya kreti la soda. Nikaisikiliza ile voice huku mteja ananiuliza kama nina cheni. Mpaka leo mtu akiniuliza cheni roho inanipiga.

Tukarudi pamoja nyumbani kwake kumchukua mtoto kwa jirani na nguo zake. Mlangoni tukamkuta Hafidh. Kabla Zuhura hajafungua mdomo, Hafidh akasema, "Pole shemegi."

Yaani kule chini walikuwa wameshajua. Aliyeachwa ndiye wa mwisho kupata habari ya kuachwa kwake.

Nlimpigia Nassor siku ile ile. Nikamuuliza ana ushahidi gani. Akanambia, "Kaka, sina ushahidi wa kukuonesha. Ningekuwa nao ningekwambia vibaya zaidi. Lakini siwezi kuishi na mtu ambaye sijui yuko wapi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Nikamwambia yuko nyumbani, siku zote yuko nyumbani. Akasema, "Wewe ni kaka yake, utasema nini tena?"

Nikakata.

Zuhura akaenda Jambiani kwa Mama. Akakaa eda. Mama hakumuuliza swali hata moja, alimtandikia kitanda tu. Kijijini maneno hayakosi. Wengine wakasema mbele ya Mama kwamba mjini wanawake wanaharibika wakiachwa peke yao. Mama akawa haendi tena kwenye shughuli za watu.

Eda ikaisha. Muda si mrefu Hafidh akanitumia ujumbe: twende tukachukue vyombo vya Zuhura, maana vyumba vya juu anataka kuvifanyia usafi alaze wageni.

Nikakodi gari ndogo ya mizigo, nikaenda mwenyewe. Zuhura hakutaka kuja.

Nikiwa kule nyuma, chumbani, nafunga mafurushi, nikataka kumpigia dada yangu kwa video anioneshe kipi chake na kipi si chake. Simu yangu ilikuwa inaijua ile Wi-Fi tangu zamani, ikajiunga yenyewe. Nikapiga. Inatafuta, inatafuta. Ikaingia, ikaganda, ikakatika.

Nikachoka, nikazima Wi-Fi, nikapiga kwa bando.

Ikaingia mara moja. Nikamuona Zuhura, nyuma yake kamba za mwani zimeanikwa, nasikia mpaka kuku.

Wakuu, nlikaa juu ya furushi. Nikamwambia tu, "Nitakupigia," nikakata.

Nina rafiki yangu, nitamwita Kassim, kazi yake ni kufunga mitandao kwenye mahoteli. Nikamwambia acha kila kitu uje Kiponda. Alikuja alasiri, akashika simu yake, akaanza kuzunguka: sebuleni, ukumbini, chumbani, jikoni. Anaangalia, anatikisa kichwa.

Akanambia, "Sheikh, hapa hata ungekuwa wewe router ungekata tamaa. Jikoni signal inapita kuta tatu za mawe. Na humu mtaani kila nyumba ni ya wageni, kila moja ina Wi-Fi yake, zote zinapigiana kelele hewani."

Nikamwambia, "Lakini pale sebuleni ilikuwa inajaa mistari yote, na bado haifanyi kazi."

Akasema, "Ile mistari inakwambia uko karibu na router, basi. Haikwambii kama huo mtandao unaokuja kwenye router una nafasi. Ni kama bomba liko mlangoni kwako lakini mtaa mzima wamefungua. Utapata tone."

"Sasa kwa nini data inafanya kazi?"

"Kwa sababu data ni njia nyingine, haipiti kwenye router. Na hapa mnara uko karibu. Tatizo ni simu yenyewe. Ikiiona Wi-Fi inayoijua inaing'ang'ania, hata Wi-Fi ikiwa imekufa. Mtu akitoka mlangoni tu, simu inaiachia, inashika data, kila kitu kinafunguka."

Nikamwambia, "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la akitoka mlangoni."

Akarudia. Hakujua kwa nini nlianza kulia. Nlikuwa bado sijamwambia ilikuwaje.

Tulipokuwa tunashuka, kwenye ngazi ya kutokea juu kulikuwa na wageni wawili wamekaa, kijana na msichana wa kizungu, kila mmoja na simu yake wanaangalia filamu. Kassim anajua kiingereza cha hotelini, akawauliza mbona wamekaa ngazini. Kijana akajibu kwa uchangamfu kabisa kwamba vyumbani mtandao hauvuti, mwenyeji wao kawaambia wakae hapa karibu na juu, password kawapa yeye, na jioni wageni wote huwa wanajipanga kwenye hizi ngazi.

Akasogea kutupisha tupite. Akatabasamu.

Hafidh alikuwa kwenye kiti mlangoni. Nikamuuliza bila salamu.

"Wageni wako wanatumia Wi-Fi ya nani?"

Akanitazama, akamtazama Kassim. "Ya nyumba."

"Ya nani?"

"Ya kaka yangu. Kwani vibaya? Kaka yangu hawezi kuninyima mtandao."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu ulipoanza."

"Ulijua mkewe anaambiwa hapatikani nyumbani?"

Akaanza kuchezea funguo zake.

"Hafidh, ulijua?"

"Nlijua wana ugomvi. Nlidhani ni mambo yao ya ndani."

"Kaka yako alikupigia akakuuliza kama Wi-Fi ina tatizo. Ukamwambia iko sawa."

Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe, "Alinituma niangalie kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi."

Kassim akanishika mkono. Vizuri alinishika.

Nikapanda tena juu. Wakati ule magharibi ilikuwa imekaribia, wageni wamesharudi matembezini. Nikaingia jikoni, mahali pale pale nlipokaa siku ile, nikampigia Nassor kwa Wi-Fi. Ikaingia, nikamuona sura, ikaganda. Nikamsikia "Kaka, vip..." ikakatika.

Nikazima Wi-Fi. Nikapiga kwa data. Ikaingia safi.

Nikamwambia, "Unaniona?"

"Nakuona."

"Niko wapi?"

Akaangalia. Nikamzungushia simu, akaona jiko, dirisha, kopo la sukari bado liko pale juu ya meza. "Uko nyumbani kwangu," akasema.

"Sikuondoka hapa. Nimekupigia kwa Wi-Fi yako, umeniona nlivyoganda. Nimekupigia kwa bando, unanisikia. Kitu kilichobadilika ni kimoja tu."

Kisha nikamueleza yote. Kuta, wageni, password, mdogo wake.

Hakubisha. Nlitaka abishe, wallahi, ningepata pa kumwaga hasira. Akaiweka simu chini, nikawa naona dari la chumba chao na feni inazunguka. Nikamsikia anapumua.

Halafu akasema, "Kaka, eda imekwisha?"

"Imekwisha."

Kwa wasiojua: ndani ya eda ya talaka moja mume anaweza kumrejea mkewe. Ikishapita, basi ni posa mpya, ndoa mpya, na ridhaa ya mwanamke.

Akasema, "Mwambie nnakuja. Mwambie nitaoa upya, mahari mapya, anachotaka yeye. Nitakuja nimuombe radhi mbele ya Mama."

Nlikwenda Jambiani siku iliyofuata. Nlikuwa na matumaini. Nafikiri nlijiona shujaa kidogo, nimepata ukweli, nimesafisha jina la dada yangu, sasa mambo yanarudi.

Nlimkuta Zuhura na Mama wamekaa chini wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nikawaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mama alianza kulia mwanzoni tu, akawa anajifuta kwa ncha ya kanga. Zuhura aliendelea kufunga. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Kwa hiyo angenambia nizime Wi-Fi tu?"

"Angekwambia hivyo, ingekwisha."

Akafunga mbegu nyingine. "Hakujua."

"Hakujua. Hata sisi hatukujua."

"Ndio. Hilo la Wi-Fi simlaumu." Akaiweka kamba chini. "Lakini kaka, simu ya kawaida anayo. Hata mara moja angeipiga. Angempigia Mama akamuuliza, mwanao ana tabia gani. Angepanda ndege. Mimi nilikaa chini ya kile kidude kila jioni na mtoto mapajani nikimsubiri mtu ambaye alishaamua mimi ni malaya. Sasa akija atanambia nini? Kwamba mtandao umemwambia mimi ni mkweli?"

Mama akasema, "Zuhura, mwanangu, mtoto huyu..."

"Mama, leo ni Wi-Fi. Kesho simu ikiisha chaji?"

Mama akaiokota ile kamba, akaendelea kufunga yeye.

Nlimpigia Nassor, nikampa jibu. Alisema "Ana haki." Nikasikia amekaa. Wiki ile akaikata ile Wi-Fi kutoka huko huko Muscat. Hafidh akaweka ya kwake. Vyumba vya juu sasa vinalala wageni, nimeona hata picha zake mtandaoni, chumba cha dada yangu kina chandarua kipya na maua kitandani.

Sasa la kujifunza, kwa yule member aliyeuliza na kwa wengine.

Wi-Fi kujaa mistari si mtandao kuwa mzuri. Kama nyumba yako ina kuta nene, sogeza router katikati, au weka nyingine ya kusaidia upande wa nyuma, usimsikilize fundi mvivu. Badilisha password mara kwa mara, ujue nani anakula mtandao wako. Na simu ikikuletea shida nyumbani, kitu cha kwanza kabla ya kununua chochote au kugombana na yeyote, zima Wi-Fi ujaribu kwa data. Ni kugusa kioo mara moja. Ndoa ya dada yangu ilikosa kitu kidogo kiasi hicho.

Lakini nikiwa mkweli, hilo ni la kwa ajili ya simu. La watu sina. Nimelitafuta sana na sina. Mtu akishaanza kukushuku, kila kitu kinakuwa ushahidi, mpaka kicheko chako.

Nassor siku hizi anapiga kila Ijumaa kuongea na mtoto. Jambiani hatuna Wi-Fi, ni data tupu, na simu iko safi sana, kama yuko chumba cha pili. Ilham anamuonesha meno yaliyotoka, anamuimbia. Wakimaliza Nassor huwa anasema, "Mama yako yupo?"

Ilham anageuka, anamuangalia mama yake, amekaa pale pale ubavuni. Zuhura anatikisa kichwa.

Na mtoto, hata hajaanza shule, anasema, "Hayupo."

Basi wakuu, ni hayo. Mliopitia kitu kama hiki, au mnaojua namna ya kuongea na dada aliyefika hapo, andikeni hapo chini, nitasoma zote. Mafundi wa mtandao nao wanirekebishe nilipokosea. Ila leo napanda boti, na baharini network inakuja na kuondoka, kwa hiyo nikichelewa kuwajibu tafadhali msinidhanie vibaya.